Leo nimeingia banda la video na mtoto mgongoni

Leo banda zima la video limenyamaza kunisikiliza mimi!

Nimetoka sokoni mchana, nikalipa mia tano yangu, nikaingia. Kaka mmoja akadakia, "Dada, hapa siyo kliniki."

Nikamwambia, "Mwanangu amelala. Anayepiga kelele ni wewe."

Nikakaa benchi la mbele. Sitoki.

Kumbe mwenye banda amechomeka flashi siyo. Filamu ni ya Zambia, Kibemba mwanzo mwisho, na haijatafsiriwa! Watu wakaanza kuzomea.

Jamani, mama yangu ni mtu wa Nakonde, huko huko Zambia, Kibemba nimekinyonya kwake. Nikasimama. "Huyo mzee anamwambia binti asiolewe, amtunze yeye!"

Wakaacha kuzomea, wakanigeukia.

Nikaendelea kutafsiri. Katikati ya utamu mtoto akaamka, akalia. Nikajua sasa nafukuzwa.

Yule kaka wa kliniki akainuka, akanyoosha mikono. "Dada, nipe nimbebe. Binti amejibuje?"

Nimecheka mpaka machozi 😂

Mwenye banda anataka nirudi Jumamosi nitafsiri nyingine. Nimekubali, ila benchi la mbele liwe la kina mama na watoto wao.

Kakubali! Nani twende wote?