Laini Iliyokuwa na Mwenyewe

Mama Salio alianza kuuza maongezi ya watu tangu enzi za simu ya mezani. Zamani hizo, kabla kila mtu hajaanza kutembea na simu mfukoni, alikuwa na kijichumba cha mbao chenye kiti kimoja na saa ya ukutani, na watu wakipanga foleni nje kungoja zamu ya kupiga kwa dakika. Mle ndani alisikia mengi: posa, talaka, misiba, watoto kuzaliwa. Lakini sikio lake lilikuwa na mlango, kilichoingia hakikutoka. Kazi ile ilimwachia adabu moja asiyoivunja hadi leo, nayo ni kwamba anayepiga ndiye anayekata.

"Ukimkatia mtu simu," alizoea kusema, "umemfungia mlango na mguu wake ungali kizingitini."

Simu za kulipia zikafa. Akauza vocha za kukwangua, nazo zikapungua. Mumewe akatangulia mbele ya haki, wanawe wakashika njia zao, yeye akabaki na kibanda cha bati chenye rangi ya zambarau, rangi ya kampuni changa ya simu iliyoingia mjini kwa matarumbeta ikijiita mtandao wa mnyonge.

Kampuni yenyewe ilikuwa bado haijui imuuzie nini huyo mnyonge. Siku moja afisa mauzo, kijana wa shati lililonyooka na viatu vya ncha, akamletea daftari, boksi la laini na simu ndogo ya vitufe.

"Mama, kibanda chako tumekichagua kwa majaribio. Waulize wateja wanataka vifurushi gani, uandike. Na kwenye hii simu chomeka laini mojawapo, uwaonyeshe namna ya kujiunga."

"Watataka nini kama si cha bure?"

"Cha bure kipo, mama yangu. Dakika moja kila siku, kwa namba za mtandao wetu. Tuone kama watakipenda."

Mama Salio akachukua laini iliyokuwa juu kabisa kwenye boksi, akaichomeka.

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua limekaza na barabara imenyamaza, simu ile ndogo ikaita. Akashtuka, maana hakuwa amempa mtu namba. Akapokea.

"Umekula?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, isiyo na haraka.

"Haloo? Naongea na nani?"

"Mimi nimekula. Nimefua shuka lako la mistari. Mlango wa chumba chako umeanza kulia tena."

"Dada, umekosea namba."

"Nitautia mafuta," ikasema ile sauti, kana kwamba hakuna aliyejibu.

Mama Salio akangoja akate. Hakukata. Wakabaki hivyo, pumzi za yule mtu zikiingia na kutoka sikioni mwake, mpaka dakika ikatimia na simu ikakatika yenyewe.

Kesho yake, saa nane, ikaita tena. Na keshokutwa. Mama Salio alisema polepole, alisema kwa nguvu, mara moja alipiga kelele mpaka fundi cherehani wa kibanda cha pili akachungulia. Sauti haikujibu hata neno. Ilieleza habari zake tu, kuku amehama banda, bomba halitoi maji, halafu ikasema:

"Leo umepokea upesi. Nimefurahi."

Na siku iliyofuata: "Huko chini kuna baridi?"

Mama Salio alikuwa ameketi juani, jasho linamtiririka.

"Hiyo ni maiti, mama," alisema fundi cherehani, mdomo umejaa pini.

"Maiti hafui mashuka."

"Basi anapigia maiti. Ni yale yale. Toa hiyo laini utupe."

Hakuitupa. Kila asubuhi alifunga milango ya moyo wake kwa sala, akajiambia leo sipokei. Saa nane ikifika, mkono unakwenda wenyewe. Je, kama ni mtu mwenye shida? Kumkatia ndiyo hakuweza kabisa.

Kazi ya daftari nayo ilikuwa inaendelea. Mlinzi wa ghala alisema, "Niwekeeni bando la usiku. Mchana nimelala, bando linachacha." Mkunga alitaka wanaompigia yeye ndio wasilipe, kwa kuwa mtoto hangoji mama yake apate salio. Fundi cherehani alitaka kifurushi kisichokufa. "Nyanya zioze, maziwa yachache, na dakika nilizonunua nazo zioze? Nani kaziona zikiota ukungu?" Watu wakacheka. Mama Salio aliandika yote kwa herufi zake za shule ya msingi, kubwa, zilizoinama, huku jicho moja likiangalia ile simu kama mtu aangaliaye nyoka aliyelala.

Mwishowe akaamua kuipigia ile namba yeye mwenyewe. Iliita mpaka ikachoka. Siku tano alijaribu, asubuhi na jioni, hakuna aliyepokea. Siku ya sita, Alhamisi, ikapokelewa, na safari hii kwa sauti ya msichana, tena ya kunong'ona.

"Wewe ni nani? Kwa nini una namba ya kaka yangu?"

"Mimi muuza laini, mwanangu. Hii namba nimeletewa na kampuni kwenye boksi."

Msichana akaanza kulia taratibu. Kaka yake alikuwa mchimbaji, akasema. Shimo liliporomoka mwaka jana, wenzake walitolewa, yeye hakuonekana. Mama yao alikuwa akipiga namba ile kila siku saa nane, saa ambayo kijana alikuwa akitoka shimoni kupumzika. Haikuita. Miezi ikapita, mama akaanza kukubali, akaanza hata kula.

"Halafu wiki mbili zilizopita, ikaita. Ikapokelewa."

"Lakini mimi nilimwambia amekosea namba! Nilimwambia kila siku!"

"Mama hasikii, mama yangu. Masikio yake yalikufa kwa homa miaka mingi iliyopita. Yeye anaangalia kioo cha simu. Akiona sekunde zinatembea, anajua mwanawe amepokea. Anaongea, anaziangalia zinatembea mpaka mwisho."

Mama Salio akakaa chini. Adabu yake ya miaka yote, ya kutomkatia mtu, ndiyo iliyomfufua mwana wa mwenzake.

"Jumamosi anakwenda machimboni," msichana akaendelea. "Ameazima jembe kwa jirani. Anasema mwanangu yuko chini, anapokea simu, nyinyi mnamwacha tu. Anataka kuchimba mwenyewe, na lile shimo bado linaporomoka. Nimemwandikia, nimemlilia, hanisikilizi. Kesho usipokee, nakuomba."

"Nisipopokea, atasema nini?"

Wote wawili walijua. Atasema mwanangu alikuwa hai, amekufa wiki hii, na nyinyi mlinizuia. Angeondoka usiku huohuo.

"Basi nielekeze kwenu," akasema Mama Salio, "kesho nitakuja mwenyewe."

Alasiri ile afisa mauzo akapita kuchukua daftari. Mama Salio akamuuliza jinsi namba ya mtu inavyoingia kwenye boksi la laini mpya.

"Isipotumika siku tisini tunaichukua, tunaiuza tena. Namba ni mali, mama, haziwezi kulala bure."

"Basi niandikie kifurushi changu na mimi. Cha kutunza namba. Ndugu walipe kidogo kwa mwaka, namba ya marehemu wao asipewe mwingine, mpaka wao wenyewe waseme basi."

Kijana akacheka. "Mama, marehemu si mteja."

"Waliobaki ndio wateja. Na ni wengi kuliko hao wa bando la usiku."

Akaacha kucheka. Akaandika, au alijifanya kuandika.

Ijumaa Mama Salio alifunga kibanda mapema, akaomba Mungu ampe namna ya kusema na asiyesikia, akaenda nyumbani kwao. Msichana alimpokea mlangoni. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mwanamke mdogo, msafi, kando yake begi lililofungwa na jembe limeegemezwa ukutani. Alimwona mgeni, akaitikia kwa kichwa, kisha akaangalia saa. Ilikuwa saa nane. Akabonyeza simu yake.

Simu ndogo ya vitufe ikawaka mkononi mwa Mama Salio.

Yule mama akatazama mkono ule kwa muda mrefu. Mama Salio akapokea, akainyoosha mbele ili aone, sekunde zikawa zinatembea kwenye simu zote mbili pamoja: saba, nane, tisa. Msichana akaandika upesi kwenye daftari la shule: *Namba iliuzwa tena. Ni huyu aliyekuwa akipokea.*

"Siku zote?" aliuliza mama, kwa ile sauti kavu.

Mama Salio akainamisha kichwa.

"Mbona hukunikatia?"

Mama Salio akaweka kiganja kifuani, machozi yakamtoka.

Mama akakata yeye. Akanyanyuka, akaichukua ile simu ya vitufe kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akaingia nayo chumba cha ndani, wao wakimfuata. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka la mistari, limenyooshwa kana kwamba mtu atalala leo. Akailaza simu katikati ya meza, akaweka kiganja juu ya mbao, pembeni yake. Kwa mkono wa pili akapiga.

Simu ikaita. Mle chumbani mlimokuwa hamna mwenyewe, mlio wake ulikuwa mkubwa kupita kiasi, msichana akaziba masikio. Mama yeye hakusikia kitu, alihisi tu mbao zikitetemeka chini ya kiganja. Alitazama mto. Alitazama kioo cha simu yake, na hakuna sekunde iliyotembea. Mbao zikatulia.

"Hapokei," akasema.

Akapiga tena. Akangoja kwa subira ya mtu anayejua mwanawe huchelewa. Mbao zikatetemeka, zikatulia. Mara ya tatu alifumba macho, na mpaka mlio ulipokwisha hakuyafumbua, kiganja kikabaki palepale juu ya meza muda mrefu sana.

"Hapokei," akasema tena, polepole. "Hayupo."

Alipotoka alipita kwenye begi bila kuligusa. Akachukua jembe pale ukutani, akamkabidhi binti yake.

"Mrudishie jirani," akasema. "Mwambie halikutumika."