Alisema Ananijua kwa Sura Tu

Admin, nifichie jina, na jina la chuo usiliandike kabisa. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, natokea Mwamkulu, hapa Mpanda. Sisi ni Wasukuma. Wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe wao kabla sijazaliwa, na kwetu mimi ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Muda huu ninaoandika nilitakiwa niwe darasani, mwaka wa pili. Lakini nipo nyumbani. Nimesimamishwa mwaka mzima kwa kosa la kuandikiwa kazi na mtu mwingine, na kosa hilo sikulifanya.

Sifichi, Kiingereza kilinitesa. Sekondari nilifaulu kwa kukariri notsi neno kwa neno. Chuo nikakuta mhadhiri anaongea saa nzima, mimi naambulia maneno mawili matatu, halafu anasema kasomeni vitabu mkaandike insha. Insha yangu ya kwanza nilinakili sentensi za vitabuni nikaziunga. Ilirudi na alama za aibu, na chini mhadhiri ameandika: hizi ni sauti za watu, yako iko wapi? Nilijifungia chooni nikalia ili wenzangu wasinione.

Aliyeniokoa ni kijana nitakayemwita Festo. Kwao ni Mpanda mjini, mama yake ana duka la vitenge. Alikuwa amenitangulia mwaka mmoja, na kwa kuwa tangu utotoni alisoma shule ya Kiingereza, kwake lugha ilikuwa maji. Akaanza kunifundisha. "Soma aya moja, funika kitabu, niambie kwa Kiswahili huyu mwandishi anadai nini. Ukishindwa, hujaelewa, usiandike." Nikishamweleza ndipo naandika kwa Kiingereza changu kibovu, naye anauliza tu: umejuaje? Nani kasema? Wewe unakubaliana naye? Hakuwahi kuniandikia hata sentensi moja. Nikimwomba anacheka, "Na mtihani nitakufanyia mimi?" Ndugu zangu, tulipendana. Aliniahidi akimaliza atakuja kwetu kujitambulisha.

Tukapewa insha ya migogoro ya wakulima na wafugaji. Hayo mimi nimeyaishi. Nimeona ng'ombe wetu wakiingia kwenye mahindi ya watu, nimeona baba akiitwa ofisi ya kata na kurudi ameinamisha kichwa. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena, yote kwenye kompyuta ya Festo maana mimi nina simu tu. Siku nilipoisoma mwanzo hadi mwisho nikaelewa kila neno, mwili ulinisisimka. Nilijiona na mimi ni msomi.

Mhadhiri akaniita. "Aliyeandika ile ya kwanza hawezi kuandika hii." Nikapelekwa kwenye kamati. Wakaniambia nieleze hoja yangu kwa Kiingereza. Jamani, mkono wangu ulikuwa umejifunza, mdomo bado. Nikasema "yes, sir," kisha maneno yakakauka. Nikaomba nieleze kwa Kiswahili. Mmoja wao akanijibu, "Kwani insha uliandika kwa Kiswahili?" Ndipo nikasema Festo aitwe, yeye ameniona nikiandika tangu neno la kwanza, na rasimu zote zipo kwenye kompyuta yake.

Festo aliingia na hakuniangalia. Walipomuuliza kama ananifahamu, akasema, "Namjua kwa sura tu. Tunatoka mkoa mmoja." Na kompyuta? Akasema hajawahi kuniazima.

Kile chumba nilitokaje, sijui. Najua tu kwamba nilimtazama mpaka mlango ukafungwa, nikisubiri aseme alikuwa anatania.

Nyumbani ndiko kulikonimaliza. Baba tangu nikiwa mdogo ananiita "mayu", kama anavyomwita mama yake mzazi. Niliposhuka na mabegi akanisikiliza, akaniuliza swali moja: "Waliosoma wote hao wamekosea, wewe peke yako ndiye uko sahihi?" Tangu hapo ananiita jina langu la shule. Wageni wakija, wanaambiwa nipo likizo.

Wiki iliyopita baba akiwa machungani, Festo alikuja na mama yake. Alipiga magoti mbele ya mama yangu, akanigeukia, akakiri yote. "Niliogopa. Wangeona insha imeandikwa kwenye kompyuta yangu wangesema mimi ndiye niliyekuandikia, tungefukuzwa wote. Rasimu nilizifuta." Mama yake akanishika mikono, analia: "Mwanangu, amebakiza mitihani ya mwisho tu. Baba yao alishafariki, wadogo zake wanamtegemea yeye. Nyamaza, akimaliza tunaleta posa, mwakani utarudi chuo ukiwa mke wake."

Walipoondoka, mama alivuta ungo wa mboga. Alikaa akichambua mchicha, kisha akasema, "Baba yako asijue alikuja. Ataua mtu."

Muda wa kukata rufaa unaisha mwisho wa mwezi huu. Chuo kinataka ushahidi mpya, na ushahidi wangu ni Festo. Nikimtaja kwamba alidanganya kamati, huenda asimalize chuo, na ile nyumba ya mjane itaanguka. Nikinyamaza, jina langu litabaki jina la mwizi, na baba yangu ataendelea kunitazama kama mtoto wa jirani. Na kinachoniuma zaidi, ambacho hata mama sijamwambia, ni kwamba bado nampenda. Simu yake ikiita moyo unaruka, halafu nalisikia lile neno, kwa sura tu, naizima.

Nyie wazazi, nyie mliosoma, nyie mliowahi kukanwa na mtu mnayempenda, msinitukane, semeni na mimi kama mtoto wenu. Nimtaje, au ninyamaze?