Nilivyowaita Watu Harusini Siku ya Maziko

Hili nalisimulia uso nimeuinamisha, na mkicheka sitawalaumu, ila msicheke sana, maana kuna nyumba moja hapa Kuze mpaka leo nikiikaribia nakata kichochoro kingine.

Mimi ndiye msimamizi wa tovuti ya mtaa wetu, ile ya kutangaza darsa, harusi na tanzia, na kila tangazo huingia kwenye simu za waliojiandikisha. Wiki ya harusi ya Salma, binti wa ami Swaleh, nikaona kwani nihangaike kuandika jambo lilelile kila siku (uvivu tu, nisiupambe), nikaipangia tovuti itume yenyewe, na tangazo la siku ya kumpamba bibi harusi nikaliagiza lijirudie kila saa kuanzia saa nane mchana. Nikatia na mbwembwe: "Shughuli iko palepale! Akina mama njooni mmejipamba, vigelegele visipungue!" Nikajiona fundi kwelikweli.

Alfajiri ya siku hiyo ami Swaleh akafariki. Alilala mzima, hakuamka. Nikalia, nikaandika tanzia, nikalifuta tangazo la harusi kwenye ukurasa, nikadhani yamekwisha. Kumbe nimefuta maandishi ya ukurasani tu, lile agizo la kutuma liko vilevile! Baada ya adhuhuri tukaenda kuzika, na simu nikaizima kwa heshima ya makaburini.

Twarudi, mchanga bado u miguuni, twasikia vigoma. Wallahi, vigoma! Wanawake kutoka Majengo na Makupa wamejaa mlangoni kwa marehemu, asumini kichwani, wanja machoni, wapiga vigelegele, na ndani wenzao walia.

"Tulisikia kuna msiba," mmoja akaniambia huku akiyang'oa maua kichwani, "lakini ujumbe wa baadaye wasema shughuli iko palepale, tukajua ile tanzia ilikuwa makosa."

Nikatamani ardhi inimeze. Nikaingia kwa Bi Zuhura, mjane wa ami, ambaye ndiye aliyeninyonyesha na kunilea mamangu alipofariki, kwa hiyo kwangu ni mama na Salma ni dada. Nikapiga magoti. "Mama, nisamehe," na kabla sijamaliza, simu zikaanza kulia nyumba nzima, hii ikinyamaza ile yaanza: shughuli iko palepale.

"Kwani hukujua kuwa amekufa?" akaniuliza.

"Nilijua, mama."

"Basi haya nani ametuandikia?"

"Ni mashine, mama. Niliipangia, ikatuma yenyewe."

"Mashine haikumjua Swaleh," akasema. "Wewe je?"

Akageukia ukutani. Salma alikuwa kando yake na hina mikononi, hakuniangalia hata mara moja. Nikakimbia nyumbani kuizima hiyo mashine, neno la siri nalikosea na kulikosea, na nilipofanikiwa ujumbe wa tatu ulikuwa umeshatoka.

Siku hizi naandika kila tangazo mwenyewe, tena baada ya kuwapigia simu wenyewe, na sitaiachia tena mashine jambo la furaha wala la msiba. Siku ya hitma ya kumwombea ami, mama aliitika salamu yangu kwa ulimi tu. Salma aliolewa eda ya mama ilipokwisha, na hawakutaka tangazo, wanawake wawili walipita nyumba hadi nyumba wakialika kwa mdomo. Niliwasikia wakibisha kwa jirani wa kulia, nikasimama nyuma ya mlango wangu nikingoja, kisha nikawasikia wakibisha kwa jirani wa kushoto.