Kofia ya Tangi la Mafuta

Dada yangu alifia juu ya trela la trekta letu, katika barabara ya udongo itokayo mashambani kuelekea Garissa, mahali ambapo mnara wa msikiti wa mjini ulikuwa tayari unaonekana. Trekta halikuwa limepinduka wala kukwama matopeni. Lilizimika, likawaka, likaenda kidogo, likazimika tena. Katika kusimama kwetu kwa mwisho, mama alimwambia baba asiliwashe tena.

Kabla ya trekta, baba alikuwa mtu wa ng'ombe. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya tisini uliwamaliza, naye akafanya walichofanya wengine waliobaki mikono mitupu. Alifyeka kipande cha ardhi kando ya mto Tana, chini ya mji, akapanda vitunguu, matikiti na migomba. Trekta lilitoka bara likiwa tayari limezeeka, rangi imebabuka, kiti kimefungwa kwa kamba. Baba alijifunza kuliendesha, ila hakuacha lugha ya mifugo. Asubuhi aliuliza kama limekunywa, akimaanisha dizeli. Likigoma kuwaka alisema limeamka vibaya. Jirani yetu, mwenye pampu ya maji na mdomo usiopumzika, alikuwa akimwita baba mchunga chuma.

Kiangazi cha kwanza lilisimama katikati ya shamba. Dereva mmoja aliyekuwa akipita alifungua chujio la dizeli, akakuta limejaa vumbi laini kama unga. Akanyoosha kidole kwenye kifuniko cha tangi, palipokuwa na tobo dogo sana, akasema vumbi linaingilia pale. Tobo lile liliwekwa pale kwa kazi gani, hakusema, na hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa amesimama karibu na birika la chai. Alisikia.

Mama alikulia porini, na kazi ya mikono yake ilikuwa vyombo vya maziwa. Sisi huviita haan: vinasukwa kwa mizizi, vinafukizwa moshi, kisha vinafunikwa kwa ngozi iliyofinyangwa ikiwa mbichi ili ikikauka ishike mdomo wa chombo. Chombo kilichofunikwa na mama kingeweza kufungwa juu ya ngamia akatembea kutwa, na tone lisimwagike, na chembe ya mchanga isiingie. Basi alichukua ngozi ya mbuzi, akailoweka, akakivalisha kifuniko cha tangi, akaiacha juani. Ilipokauka aliikata kingo, akaishona, akaitilia ukanda wa kukaza shingoni mwa tangi, na pembeni akabandika simbi nyeupe kama alivyozoea kupamba haan.

Tuliiita kofia. Ilifanya kazi. Chujio lilikaa safi miezi na miezi, na baba aliwaonyesha wageni kofia ile kabla ya kuwaonyesha vitunguu. Jirani alimwomba mama aishonee pampu yake pia, akisema pampu imeona wivu na inakataa kuvuta maji.

Kisha zikaja zile mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini, zilizoujaza mto ukapanda mashambani. Maji yalipopungua, kila mtu alikimbilia kulima, na hapo ndipo trekta lilipoanza kuugua. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Likiwa tupu, lilinguruma vizuri na kwenda popote. Ukishusha plau kwenye udongo mzito, lilikwenda vizuri kwa muda, kisha sauti yake ilishuka, likakohoa, likazimika. Ukiliacha lipumzike, liliwaka tena kana kwamba halikuwa na neno.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Baba alilaumu matope, kisha akalaumu dizeli, kwamba wauzaji wanaichanganya na mafuta ya taa. Alibadilisha chujio ingawa lilikuwa safi. Jirani alikuja kutazama, mikono nyuma.

"Walaal, ndugu yangu," alimwambia baba, "ngamia akilemewa hupiga magoti. Hili limekaa na wewe mpaka limejifunza."

Baba alicheka. Siku zile bado ulikuwa ugonjwa wa kuchekwa.

Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani kujifungua, kama ilivyo desturi kwetu kwa mtoto wa kwanza. Mumewe alikuwa mbali, upande wa Buna, akinunua mifugo, na barabara zote za kaskazini zilikuwa zimekatika. Uchungu ulimshika alfajiri. Mama na mke wa jirani walikuwa wamezalisha wanawake wengi, lakini kufikia adhuhuri walitoka nje ya nyumba wote wawili, na baba hakuhitaji kuambiwa. Hakuna gari lililoweza kufika kwetu kwenye matope yale. Trekta liliweza.

Baba alijaza tangi mpaka juu ili tusisimame njiani. Mvua ilikuwa ikinyunya. Tulitandika godoro kwenye trela, tukatandaza turubai juu yake. Mama, kabla ya kupanda, alizunguka mbele akafunga kofia mwenyewe, akaukaza ukanda kwa meno na kwa mkono, ili maji ya mvua yasiingie kwenye mafuta. Mikono yake ilikuwa imara.

Nilikaa juu ya bamba la gurudumu, kando ya baba. Tulipita mashamba ya kwanza vizuri. Kwenye mwinuko wa kwanza sauti ilishuka. Baba akabadilisha gia, akalisihi kwa maneno ya ng'ombe, likazimika. Alishuka, akapampu mafuta kwa mkono, akangoja, likawaka. Likaenda. Likazimika. Mara ya kwanza dada alikuwa bado na mzaha. Kutoka chini ya turubai nilimsikia akimwambia baba, "Aabo, usiligombeze. Nalo limechoka kubeba kama mimi."

Sikumsikia tena akisema neno refu kuliko jina la Mungu.

Mtoto alizaliwa palepale, trekta likiwa limesimama, na alilia kwa nguvu. Msichana. Kwa kitambo tulidhani tumeokoka. Kisha mama akaanza kuomba vitambaa, na kila nilichompa kilirudi kikiwa hakifai kupewa mtu mwingine. Baba aliwasha, tukaenda, tukauona mnara. Likazimika. Aliposhika ufunguo tena, mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumzuia mtu asiongeze sukari kwenye chai:

"Wacha. Usiliwashe tena."

Wanaume wa mashamba ya karibu walimbeba dada mabegani mpaka nyumbani, tukamzika kabla ya magharibi. Trekta lilibaki njiani na turubai lake.

Waliokuja kutoa pole walisema ni qadar, Mungu ameandika. Mama alisema vivyo hivyo, na baba aliitikia kila mara. Lakini wageni walipoondoka, alilivuta trekta nyumbani kwa msaada wa punda na watu, akaanza kulifungua. Hakulima. Shamba lilikauka likafanya ufa, na wenzake walikuwa wameshapanda. Alitaka kujua tu. Alifungua chujio la hewa, akaosha bakuli lake la oili. Alitoa dizeli yote, akaichuja kwa kitambaa, akaitia kwenye chupa na kuiinua juani. Ilikuwa safi. Mama alimpelekea chai pale, mjukuu akiwa mgongoni mwake, akaiweka juu ya gurudumu, akarudi bila kuuliza.

Njia zilipofunguka, baba alimleta fundi. Alikuwa mkimbizi aliyetokea kambi ya Dagahaley, wakati huo akifanya kazi kwa ndugu zake mtaa wa Galbet, mjini Garissa. Kabla ya vita aliendesha matrekta kwenye mashamba makubwa ya ndizi kusini mwa Somalia, na alipenda kulitaja hilo. Alisikiliza injini ikinguruma bila kazi, akasema hapo hataona kitu, kwa sababu trekta hili linalalamika likibebeshwa tu. Akataka trela lifungwe na lijazwe magunia ya mchanga. Nilijitolea kupakia. Baba alinikataza, akayapakia mwenyewe, akianzia mahali godoro lilipokuwa.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, kofia ilikuwa imelowa. Baba aliendesha, fundi akiwa amening'inia ubavuni, mkono juu ya bomba la mafuta. Tuliuacha ua, tukafika ukingoni mwa shamba, sauti ikashuka, injini ikazimika. Fundi aliruka chini. Hakugusa injini. Alifungua ukanda wa kofia, akaivua, akakizungusha kifuniko taratibu.

Tangi likavuta pumzi. Sina namna nyingine ya kusema. Ulikuwa mvumo mrefu, mwembamba, wa hewa ikiingia mahali ilipokuwa imezuiwa, na baba, aliyekuwa bado ameshika usukani, aliinamisha kichwa.

Fundi hakutaka tukubali haraka. Alirudisha kifuniko bila kofia, trekta likapanda mwinuko na magunia yote, likaenda mpaka njia kuu na kurudi bila kukohoa. Akavika kofia, akaikaza, tukaenda tena. Likazimika. Akavua, likaenda. Alieleza kwamba mafuta yakitoka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na kazi ya lile tobo dogo ni hiyo. Ngozi ikiwa kavu hupitisha hewa kidogo, lakini ikilowa inaziba kabisa. Mwenye kazi nyepesi hatagundua. Mwenye mzigo atagundua. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata, na furaha hiyo ikamponyoka mdomoni.

"Nani kalifunga hivi? Huyu alitaka kuhifadhi maziwa?"

"Mimi," baba alisema.

Fundi aliigeuza kofia mkononi. Aliona mshono, akaona simbi. Kwetu hakuna mwanamume anayeshona mfuniko wa haan, na yeye alikuwa wa kwetu. Alimtazama baba, kisha akamrudishia.

"Umeshona vizuri, mzee," alisema.

Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, upepo ukivuma kutoka kwetu kuelekea kwake. Alikuwa akimbembeleza mtoto. Baba alitia kofia ndani ya shati. Jioni alimwambia mama kwamba ilikuwa pampu ya mafuta, fundi ameibadilisha. Mama alisema alhamdulillahi. Aliuliza kofia iko wapi, baba akasema imeanguka matopeni. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao na nikaendelea kula. Fundi hakurudi kwetu tena, na baba hakuzungumza habari ile nami mpaka alipokufa.

Msimu uliofuata mama alitengeneza kofia nyingine. Hakuombwa. Aliifanyia kazi siku kadhaa nyuma ya nyumba, kisha akampa baba mkononi bila simbi, bila pambo lolote, akisema vumbi limeanza. Baba aliipokea, akaigeuza juani. Katikati kabisa palikuwa na tobo, dogo, linalopitisha nuru. Alikwenda akalivalisha trekta, akaukaza ukanda, na siku ile akalima mpaka jioni.

Ngozi za mbuzi wetu huwa na matobo, kwa sababu ya miiba. Mama alizichagua sana ngozi zake, lakini macho yake yalikuwa yameanza kupungua nguvu wakati ule. Nimeichunguza kofia ile mara nyingi. Kingo za tobo zimelainika kwa oili na miaka, na huwezi kusema tena kama ni la mwiba au la sindano.