Guka Alipoulizwa Langoni

Bado naikumbuka Jumamosi moja pale Gatongora, Ruiru, nikiwa msichana wa rika lako, mwanangu, nimerudi kutoka India na shahada yangu ya sheria na kiburi cha kutosha ukoo mzima.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba shahada hiyo peke yake hainipi leseni hapa Kenya. Nilitakiwa kurudi darasani nisome sheria za hapa, nifanye mitihani, kisha nifanye kazi chini ya wakili mkongwe kabla ya kuapishwa. Nilikasirika hata chakula kikanishinda. Nyumbani Kamenu, Thika, walikuwa wamenichinjia mbuzi, na mchungaji alishaniita wakili mbele ya kanisa lote. Leo nirudi dawatini? Nikaamua kwamba Jumatatu nakwenda kuchukua kazi ya dukani kwa mjomba, na mambo ya sheria yaishie hapo.

Jumamosi hiyo tulikuwa tunapeleka ruracio, mahari ya kaka yangu. Msemaji wetu alikuwa Guka, babu yangu, yule wa picha ya sebuleni mwenye kofia na bakora. Watu walimfuata kutoka mbali awaamulie ugomvi wa mashamba, na mwenye nyumba tuliyoiendea alikuwa rafiki yake wa miaka mingi. Tulikuta lango limefungwa. Wanawake wa ndani wakaimba wakiuliza sisi ni kina nani, tumetoka wapi, tunataka nini. Guka akavua kofia, akajibu. Wakauliza tena. Akajibu tena kwa sauti ileile, jua likimchoma utosini, na bado anatabasamu!

Mimi uvumilivu ukaniisha. “Guka, kwani hawa hawakujui?”

“Wananijua sana,” akasema. “Lakini leo sikuja kunywa chai. Nimekuja kuomba mtoto wao. Wangenifungulia bila kuniuliza, ningejua hawampendi.” Kisha akanigeukia. “Na wewe, si unataka kupewa kesi za watu? Mashamba yao, watoto wao? Wacha wakuulize.”

Binamu zangu wakacheka. Iliniuma, sikufichi. Lakini lango lilipofunguliwa na vigelegele vikapigwa, nilimwona Guka akiingia kifua mbele, heshima yake haijapungua hata kidogo.

Jumatatu nikaenda kujiandikisha masomo.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba shamba haliuzwi bila kibali cha bodi ya ardhi. Kule nilikosomea sikuwahi kusikia jambo hilo. Na mteja wangu wa kwanza, mjane kutoka mashambani mashariki ya Thika, alikuwa anafukuzwa na mtu aliyedai kuuziwa shamba na marehemu mumewe. Nikauliza kibali cha bodi kiko wapi. Hakikuwapo. Mama yule bado analima palepale, na juzi ameniletea parachichi.

Ndiyo maana jana uliponipigia simu mimi shangazi yako kutoka huko ng'ambo, niliiziba simu kwa kiganja. “Tata, mimi ni wakili tayari! Nimesimama kortini hapo Thika, sasa hawa wananirudisha exam kama mtoto. Wacha niachane na hii maneno nirudi home.” Ulidhani simu imekatika. Nilikuwa nacheka, unisamehe, kwa sababu nilimsikia yule msichana niliyekuwa siku ile Gatongora.

Sasa nisikilize, mwanangu. Shahada yako ni nzuri, na uwakili wako wa hapa nyumbani hakuna aliyeufuta. Hao wanataka kujua kama unazijua sheria zao kabla ya kukukabidhi watu wao, na ni haki yao. Kwa hivyo usirudi. Jiandikishe mitihani wiki hii, kabla hasira haijakupatia sababu nyingine. Usitafute wa kukupitisha mlango wa nyuma, wala usijiite wakili huko kabla wenyewe hawajakuita. Wakikuuliza, jibu. Wakiuliza tena, jibu tena, kwa sauti ileile. Utapita. Nakijua kichwa chako, na najua ulivyo mbishi tangu utotoni.

Mungu wa Guka akupe subira aliyompa, akufungulie lango hilo ukiwa bado unatabasamu. Na siku utakayoapishwa nipigie simu, hata kama huku tumelala. Nitapiga vigelegele hapa Kamenu mpaka Ruiru waulize kuna nini, nami nitawajibu.