Buti za Ramazani Hazikupasuka

Siku nilipomvua shemeji yangu buti, ngozi ya unyayo wake ilibaki ndani.

Yote. Kama soksi.

Na buti ile niliishona mimi.

Wandugu, niko na miaka themanini na tisa. Habari hii sijawahi kuwasimulia hata watoto wangu. Naiandika kwa kidole kimoja kwenye simu, mnivumilie. Na kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Ni mwaka wa 1957, Kasongo, huku Kongo, Mbelgiji bado anatawala. Mimi Faradji, kijana wa miaka ishirini na mbili, nilikuwa fundi kwenye karakana ya ngozi ya mzungu mmoja aliyeitwa Octave.

Kazi yenyewe ilikuwa kinyaa tupu. Ngozi mbichi zilikuja zimekunjwa, ukikunjua unakuta funza wanatembea. Tunaziloweka kwenye chokaa, tunakwangua nywele na mafuta, uji wa kijivu unakuingia mpaka ndani ya kucha. Nilikuwa naoga mara tatu, na bado mke wangu Subira ananiambia, "Lala upande ule."

Tena ngozi nyingi zilikuwa mbovu. Za tumbo, au za ng'ombe aliyejifia na kukaa juani siku mbili. Ukivuta, inaachana kama chapati iliyolowa.

Basi siku moja Octave akaleta mapipa sita kutoka Ulaya. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, kizito kama maziwa, chenye harufu ya kukutoa machozi.

"Hii ni plastiki ya maji," akatuambia. "Ngozi inakunywa, inakauka, inakuwa nguvu."

Kweli bwana. Tukaloweka yale mabovu, yakanyonya, tukayaanika. Siku ya nne nilishika kipande, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Wapi! Ngozi iliyokuwa inaoza juzi, leo ni ubao. Inang'aa. Hainuki.

Octave akajaza buti moja maji, akaitundika kwenye boriti tangu asubuhi mpaka jioni. Halikudondoka hata tone. Tukapiga makofi.

Hakuna aliyejiuliza, maji yakishaingia yatatokea wapi.

Buti zile zilikwenda kwa wachimbaji wa kasiterite, yale mawe ya bati, upande wa Lusangi, watu wanaoshinda mtoni, maji mpaka magotini. Mwezi ule ule Ramazani, mdogo wake Subira wa tumbo moja, akapata kazi kule. Akaja kutuaga.

"Shemeji, wanasema kule mawe iko kali sana."

"Usiogope," nikamwambia. "Yako nitashona miye mwenyewe."

Bichwa likanivimba. Ngozi za wengine tuliloweka mara moja. Ya kwake nikailoweka mara tatu. Nikashona kwa uzi wa mikunjo miwili. Kwa mapenzi, wandugu, naapa kwa Mungu.

Subira akazishika kwa mikono miwili, akampa mdogo wake. "Ona namna shemeji yako anakupenda."

Miezi mitatu ikapita.

Akaletwa juu ya baiskeli, watu wawili wanaisukuma. Kabla hajafika uani, harufu ilishafika. Mimi niliyezoea funza na chokaa, niligeukia ukuta nikatapika.

"Muvue!" Subira akalia. "Faradji, muvue!"

Nikapiga magoti. Kamba zilikuwa zimezama kwenye nyama iliyovimba. Kisu changu cha kazi, kinachokata ngozi ya mgongo wa ng'ombe, kiliteleza kana kwamba nakata chupa. Kila kikiteleza, nilijua kwa nini. Mara tatu nililoweka! Mwishowe nikavuta tu.

Maji meusi yakamwagika kwanza. Halafu mguu ukatoka mweupe, laini, kama muhogo uliosahaulika ndani ya maji. Vidole viwili havikutoka pamoja na mguu, vilibaki ndani. Sitasema zaidi.

Kuku wakaja mbio kudonoa yale maji. Subira akawafukuza kwa ufagio, huku anapiga mayowe.

Nikabeba ile buti mpaka kwa Octave. Nikaiweka juu ya meza yake, na vyote vilivyomo. Nilitegemea ashtuke. Hata angenitukana, sawa tu.

Akaziba pua kwa kitambaa. Akaigeuza kwa ncha ya kalamu, akachungulia mshono, akachungulia soli.

"Miezi tatu ndani ya maji," akasema, "na haikupasuka hata kidogo. Muzuri sana."

Nikaacha kazi siku ile ile.

Lakini siyo Octave anayenisumbua mpaka leo.

Wiki mbili baadaye Ramazani alikuwa amelazwa, miguu imefungwa bandeji. Mwenzake wa kazi, Emile, akaja kumjulia hali. Nikamtazama miguuni. Alivaa buti zetu zile zile, na anatembea vizuri, miguu mizima kabisa!

Nikainama. Pembeni mwa kila buti kulikuwa na matundu.

"Siye wote tulitoboa na musumari ya moto, wiki ya kwanza," Emile akasema. "Maji iingie, itoke. Nani anaitika kuoza? Yeye tulimwambia mpaka tukachoka. Akakatala. Mwisho muguu ikavimba, hata kuvua ikashindikana."

Nikamgeukia Ramazani. "Juu ya nini?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Shemeji, ulishona na mikono yako. Ningetoboa namna gani? Ningekuangalia na macho gani?"

Alibaki na vidole vinane vya miguu. Alitembea na fimbo mpaka alipokufa, na kila sikukuu ya Idi alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Hakunilaumu hata siku moja. Angenitemea mate ingekuwa nafuu.

Wewe unayempa ndugu yako kitu kwa moyo wote, mwambie na maneno haya: kikikuumiza, kitoboe, kikate, kitupe, sitakasirika.

Mimi sikumwambia. Nilikuwa nangoja anishukuru.