Ukumbi wa Nazibrola

Nazibrola alikuwa ameshakata shauri: binti yake Teona ataolewa humuhumu hotelini, kwenye ukumbi wa mviringo, na asiyetaka upande wa bwana harusi abaki kwao Kutaisi.

Hoteli yenyewe ilijengwa enzi za Wasovieti ili wakubwa waje hapa Tskaltubo, nchini Georgia, kulowesha magoti yao kwenye maji ya chemchemi. Ina nguzo nene, ngazi pana za marumaru na mizabibu ya plasta iliyotambaa dari nzima. Enzi hizo zilipokwisha wakaingia wakimbizi wa vita kutoka Sokhumi. Nazibrola alifika na kichanga ndani ya koti, akapewa chumba ghorofa ya pili, akadhani atakaa mwezi. Huu ni mwaka wa ishirini, na wanaomwita mgeni bado wapo, hawana hata haya.

Wiki nzima alisugua nguzo na kuziba madirisha kwa nailoni. Jirani yake Otari akamchokoza kutoka mlangoni.

"Nazibrola, humu hata popo wanatafuta pa kuhamia, wewe unaleta bwana harusi?"

"Shika ndoo, mzee. Mdomo hausugui ukuta."

Akaishika.

Siku mbili kabla ya harusi akaja Lamara, mama wa bwana harusi, kaukunja uso tangu getini. Alipotazama dari uso ukalegea. Ile mizabibu ilimpendeza, hakuweza kuficha. Kisha akatazama chini. Sakafu ilikuwa saruji tupu yenye mabaka ya lami.

"Mkwe mwenzangu, mbao za sakafu ziko wapi? Watu watacheza juu ya nini? Twende zetu mkahawani Kutaisi, nimeshaweka nafasi. Aibu yote hii ya nini?"

"Tulizichoma."

"Mbao za mwaloni? Mlizichoma?"

"Ile baridi ya kwanza. Theluji ilikuwa inaingia mpaka kitandani. Teona alikuwa anakakamaa mikononi mwangu, midomo imekuwa ya buluu. Ubao wa kwanza niliung'oa mwenyewe kwa kisu cha mkate." Nazibrola akanyoosha mgongo. "Mwanao anaoa mtoto aliyepona kwa sakafu hii. Nami nitacheza juu yake, uje usije."

Lamara akaitazama tena ile saruji. Kisha akavua koti lake zuri, akalitundika kwenye kitasa.

"Wenye mkahawa nitawapigia mwenyewe," akasema. "Ufagio mwingine uko wapi?"

Nazibrola, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi tu, akaangua kilio.